Profaila ya gitaa: kwanini hedifoni inakupa raha afu spika inakuangusha

Jioni ya kwanza niliyokaa na profaila, mashine inayonakili sauti ya ampu ya gitaa, nilipiga chodi moja ya E, nikaiacha ilie mpaka ikaisha yenyewe, nikabaki nimetulia kama dakika nzima sijagusa nyuzi tena. Nilikuwa nimevaa hedifoni, mashine yenyewe ni kiboksi cha kubeba kwa mkono mmoja, rafiki yangu kaniazima kwa wiki 2, na kilichokuwa masikioni mwangu ni ampu ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza signali, iliyofunguliwa mpaka mwisho, ile ambayo ukiiwasha kweli kwa volyumu ile ukuta unatetemeka. Kila kitu kilikuwepo. Ule mkwaruzo ukikandamiza pleki, ile sauti inavyosafika ukipunguza volyumu kwenye gitaa, hata ile hewa ya chumba kidogo kilichowekewa maiki. Nikasema basi, ampu yangu nzito sasa inapumzika.

Siku 2 baadaye nkaibeba mazoezini, nkaichomeka kwenye tundu la gitaa la kombo iliyokuwepo pale, yaani ampu na spika ndani ya boksi moja, nkachagua profaili ileile, nkapiga chodi ileile. Sauti ikatoka kama mtu anaongea kafunikwa blanketi. Chini kumejaa, juu hakuna kitu, mpiga drama akianza tu mi sijisikii kabisa, naongeza trebo mpaka mwisho inakuwa kali ya kuumiza lakini bado haitokezi. Mashine ileile, gitaa lileile, mikono ileile. Niliumia kweli, manake nilishaanza kuipenda.

Ndo ikabidi nikae chini nielewe hii kitu inafanyaje kazi, na naandika kwa sababu naona watu wengi wanaihukumu profaila, wengine kwa kuisifia wengine kwa kuiponda, kabla hawajajua ndani yake kumebebwa nini.

Tuwekane sawa kwanza kwenye maneno. Profaila ndo mashine. Profaili ni kile inachokitunza, faili dogo lenye tabia ya ampu fulani ikiwa imesetiwa namna fulani. Ukichanganya haya mawili umeshapotea, mtu anakwambia profaila mbovu kumbe alichosikia ni profaili mbovu, aliyeitengeneza aliweka maiki vibaya au ampu yake ilikuwa na valvu zimechoka, na mashine imehifadhi uchovu huohuo kwa uaminifu wote.

Sasa ampu. Watu wanadhani kazi ya ampu ni kukuza sauti tu. Ampu ya redio sawa, ila ampu ya gitaa kazi yake kubwa ni kuiharibu sauti vizuri. Signali inatoka kwenye pikapu, ile sumaku ya gitaa inayonasa mtikisiko wa nyuzi, ikiwa ndogo sana, inaingia kwenye valvu za mwanzo, mara nyingi zile 12AX7, inapita kwenye saketi yenye nobu za besi, mido na trebo, inaenda kwenye valvu kubwa za nguvu kama EL34 au 6L6, inapita kwenye transfoma, inafika kwenye spika, na kila kituo kinaongeza chake. Valvu ukiipa signali ndogo inaikuza ilivyo, ukizidi kuisukuma inafika mahali haina tena pa kwenda, vilele vya wimbi vinaanza kulainika, ukisukuma zaidi vinakatwa. Kule kukatwa kunazaa sauti mpya ambazo hazikuwepo kwenye uzi wa gitaa, zinaitwa hamoniki, na sikio linapozisikia kwa wingi ndo tunasema hapo kuna disto.

Afu spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 sio kama spika ya kusikilizia muziki. Ikivuka kama hezi 5,000 hivi inaanza kushuka kwa kasi, yale mavumbi makali ya juu haiyatoi, na ndo maana disto ya ampu inasikika tamu. Chukua disto hiyohiyo uipitishe kwenye spika inayotoa kila kitu bila huo mshuko, utasikia nyuki wamefungiwa kwenye kopo. Hapo kwenye spika ntarudi, ndipo yangu yalipoharibikia.

Na bado kuna maiki. Karibu kila gitaa la umeme lenye disto ulilolisikia kwenye rekodi, hukusikia ampu, ulisikia maiki iliyosimamishwa mbele ya ampu, mara nyingi SM57 ya Shure karibu kabisa na kitambaa cha boksi. Isogeze maiki hiyo sentimita chache kutoka katikati ya spika kwenda pembeni, toni inabadilika kutoka kali kuwa ya giza, na hujagusa nobu hata moja. Mtu aliyezoea kusimama mita 2 mbele ya ampu yake hajawahi kuisikia ampu hiyo kwa sikio la maiki, hivi ni vitu viwili tofauti.

Sasa, kuiweka ampu ndani ya kompyuta kuna njia mbili na watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza ni ya kujenga. Injinia anaifungua ampu, anasoma saketi, anaandika hesabu ya kila kipande, valvu hii inafanya hivi, kapasita hii hivi, transfoma hii hivi, mpaka anapata ampu ya hesabu inayofuata ile ya kweli. Roland walitoka na VG-8 mwaka 1995, Line 6 wakaja na AxSys 212 mwaka 1996, afu ile POD ya umbo la figo mwaka 1998 ambayo iliingia kwenye vyumba vya watu wengi sana, na leo hii Axe-Fx za Fractal Audio zimeibeba njia hii mbali mno. Uzuri wake ni kwamba nobu zinafanya kazi kama nobu. Ubaya wake ni kwamba unapata ampu ambazo injinia ameamua kuzijenga, basi. Ampu yako wewe iliyobadilishwa spika na fundi, ina valvu za zamani na ina tabia zake, hakuna atakayekuja kuijenga.

Njia ya pili ndo ya profaila, na hii haijali kabisa ndani ya ampu kuna nini. Mjerumani Christoph Kemper, ambaye kabla ya hapo alitengeneza sinthesaiza za Access Virus, aliileta wazi mwaka 2011 kwenye mashine inayobeba jina lake, na wazo lenyewe linaeleweka ukimtazama mtu anayechagua chungu. Hakipasui aone udongo wa ndani. Anakigonga kwa kidole, anasikiliza kinavyolia, anajua kizima au kina ufa.

Profaila inafanya hivyohivyo, inagonga na kusikiliza. Lakini kuna jambo moja kubwa hapa na likikukaa kichwani yaliyobaki yanajipanga yenyewe.

Boksi la spika pamoja na maiki ni chungu cha kawaida. Ukikigonga taratibu kinalia mlio wake, ukikigonga kwa nguvu kinalia mlio uleule ila kwa ukubwa zaidi. Kwa hiyo ukishaupata mlio mmoja safi umeshapata karibu kila kitu, unaurekodi, unaitwa impalsi, watu wanafupisha wanasema IR, na faili la kipande kidogo cha sekunde linabeba boksi, spika, maiki na mahali maiki ilipowekwa. Ndo maana IR ni rahisi kutengeneza na ziko kila mahali.

Valvu sio chungu cha namna hiyo. Valvu ukiigonga taratibu inalia hivi, ukiigonga kwa nguvu inalia kitu kingine kabisa, na katikati ya taratibu na nguvu kuna ngazi nyingi ambazo kila moja ina mlio wake, na ukigonga kwa sauti nzito majibu yanatofautiana na ukigonga kwa sauti nyembamba. Mlio mmoja haukusaidii kitu. Lazima uigonge kwa kila nguvu, kwa kila urefu wa sauti, afu ukae na majibu yote utafute kanuni inayoyaunganisha. Kazi ya profaila ni hiyo.

Nilikaa nikaangalia tukio zima na ampu ya rafiki yangu huyohuyo, kombo ya valvu ya zamani, spika moja ya inchi 12. Waya mmoja unatoka kwenye profaila unaingia kwenye tundu la gitaa la ampu. Maiki mbele ya spika, waya wake unarudi kwenye profaila. Gitaa linachomekwa kwenye profaila yenyewe. Kabla hujaanza unaweza kuhama kwa kubonyeza batani, huku unasikia ampu ya kweli kupitia maiki, huku unasikia kile mashine inachodhani kwa sasa, na mwanzoni hazifanani hata kidogo. Ukabonyeza kuanza, ampu ikaanza kutoa milio ya ajabu, kelele kama mvua inapanda na kushuka, afu milio inayodunda na kuteleza juu chini kama redio inayotafuta stesheni, mara ndogo mara kubwa, kidogo zaidi ya dakika moja hivi. Ndo kugongwa kwenyewe huko. Kimya. Ukahama tena kwa batani na sasa zilikuwa pacha, ila pacha ambao mama yao bado anawatofautisha.

Ikaja hatua ya pili ya kurekebisha. Unapiga gitaa mwenyewe, chodi nzito, nyuzi zote, kama sekunde 20, na mashine inasikiliza vidole vyako vinavyoisukuma ampu kisha inajirekebisha. Hatua hii watu wanairuka au wanaifanya kwa kuchezacheza solo nyembamba juu kule, makosa makubwa hayo, mashine inahitaji kusikia nyuzi kadhaa zikigongana ndani ya disto kwa wakati mmoja, hapo ndipo ampu za valvu zinapotofautiana.

Kwa lugha nyepesi, mashine za kizazi hiki zinaigawa ampu vipande vitatu, chujio la toni kabla ya disto, disto yenyewe na namna inavyokata, na chujio la toni baada ya disto. Milio ile ya ajabu ni ya kutafuta thamani za vipande hivyo. Mpangilio wa kabla na baada una uzito sana, ukikata besi kabla ya disto unapata disto kavu yenye nidhamu, ukikata besi baada ya disto unapata disto ileile iliyovurugika ila imepungua tumbo tu. Ikwaliza moja, yaani kirekebisha toni, isiyojua iko wapi haiwezi kuiga hilo.

Kizazi kilichofuata kinatumia mtandao wa nyuroni, hesabu ya kujifunza kwa mifano. Hapa hakuna vipande vitatu vilivyopangwa na mtu. Unapitisha kwenye ampu rekodi maalumu ya majaribio, unarekodi kilichorudi, afu kompyuta inapewa hivi viwili, kilichoingia na kilichotoka, inaambiwa tafuta njia ya kutoka hiki kwenda hiki. Inakisia, inapima imekosea kiasi gani, inajirekebisha, inakisia tena, mara maelfu. Neural DSP wa Finland wanafanya hivi ndani ya Quad Cortex, IK Multimedia wa Italia wanafanya kwenye ToneX iliyoanza mwaka 2022 kama programu, na kuna NAM (Neural Amp Modeler) ya Steven Atkinson ambayo ni programu ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Hii NAM naipenda kwa moyo wote, rekodi yake ya majaribio ina kama dakika 3, ukimaliza kufundisha inakupa namba ya makosa, ikiwa 0.01 au chini ya hapo wengi wanaridhika, na ukweli ni kwamba mwanafunzi mwenye kompyuta na kadi ya sauti anaweza kuiweka ampu ya mtu mwingine kwenye faili dogo bila kulipia programu.

Wapi zinatofautiana kwa sikio? Kwenye sauti safi na disto nzito mi sioni tofauti ya kugombania. Kwenye eneo la katikati, pale ampu inapoanza tu kuvunjika, ukipiga taratibu safi ukipiga kwa nguvu inakwaruza, hapo za mtandao wa nyuroni nazisikia zinakaribia zaidi. Hapo ndipo chungu kinabadilisha mlio kulingana na kidole.

Sasa turudi mazoezini kwangu.

Profaili niliyokuwa naipenda ilikuwa ya studio, ina ampu, ina boksi la spika, ina maiki, vyote vimeshakaangwa pamoja. Yaani sauti iliyokuwa inatoka ilikuwa imeshapita kwenye spika ya gitaa mara moja na kushushwa ule ukali wa juu. Mi nkaichomeka kwenye tundu la mbele la kombo. Kwa hiyo ikapita tena kwenye valvu za mwanzo za kombo, ikapita tena kwenye saketi ya toni, ikatoka kwenye spika ya gitaa ya pili ambayo nayo ikashusha juu mara ya pili. Blanketi lile lilikuwa na tabaka mbili na nimelifunika mwenyewe.

Dawa ziko mbili, inategemea una nini. Ukiwa na spika inayotoa kila masafa kwa usawa, kama spika za PA, zile za ukumbini, au monita za studio, au zile wapiga gitaa wanaziita FRFR, unaacha profaili nzima na boksi lake, spika haina cha kuongeza. Ukiwa na boksi la spika za gitaa, unazima sehemu ya boksi kwenye mashine, unabaki na ampu tupu, na unaingia kwenye ampu ya nguvu moja kwa moja, au nyuma ya kombo kwenye tundu la ritani, linaloruka valvu za mwanzo na saketi ya toni, sio mbele. Profaila nyingi zina swichi ya kuzima boksi kwa tundu la monita peke yake, hivyo spika ya nyuma yako inapata ampu tupu na fundi mitambo anapata sauti nzima. Nilipofanya hivyo blanketi lilitoka palepale, chodi ya kwanza tu mpiga drama akageuka.

Kuna suala la kutenganisha pia. Profaili ya studio inajua sauti ya mwisho tu, haijui ampu inaishia wapi na boksi linaanzia wapi, kwa hiyo ukizima boksi mashine inakadiria pa kukatia. Kukadiria kwake sio kubaya lakini ni kukadiria. Ukitaka usahihi unatafuta profaili iliyochukuliwa moja kwa moja kwenye waya wa spika kabla ya maiki, halafu boksi unaliweka mwenyewe kwa IR unayoipenda.

Na kwa anayetaka kutengeneza profaili ya namna hiyo mwenyewe, hapa naomba usome taratibu. Tundu la spika la ampu halichomekwi kwenye profaila moja kwa moja, kamwe. Ampu ya wati 50 ikiwa kazini kwenye spika ya omu 8 inatoa volti 20 hivi, tundu la maiki limeumbwa kwa sehemu ndogo sana ya volti. Unahitaji DI boksi, kiboksi cha kushusha signali, iliyotengenezwa kwa ajili ya signali ya spika, inakaa katikati, na spika inabaki imechomekwa. Spika au mzigo bandia wenye omu sahihi lazima awepo mmojawapo muda wote, manake ampu ya valvu ikiwashwa na kupigwa bila kitu kwenye tundu la spika inaweza kuunguza transfoma, na transfoma ndo roho ya ampu ile, gharama yake na fundi wa kuibadilisha vyote ni shida.

Kitu kingine kinachochanganya siku za mwanzo ni nobu. Unaona nobu ya gein, ile ya kuongeza disto, unaona besi, mido, trebo, unafikiri unashika nobu za ampu ile. Hapana. Profaili ni ampu ikiwa kwenye mkao mmoja, gein pale ilipokuwa, trebo pale ilipokuwa. Ukigeuza gein mashine inakisia ampu ingefanyaje, ukigeuza kidogo inakisia vizuri, ukiivuta kutoka safi mpaka disto nzito unaondoka kabisa kwenye ukweli wa ampu ile. Ndo maana watengenezaji wa profaili wanatoa mlolongo, ampu moja kwa profaili 8 au 10 kutoka safi hadi nzito, na unachagua iliyo karibu badala ya kugeuza nobu sana. Kemper baadaye wameleta kitu wanakiita Liquid Profiling, ambapo profaili inaunganishwa na saketi ya toni iliyojengwa kwa ile njia ya kwanza, ili nobu zifuate za ampu halisi. Njia mbili zimeanza kuoana, na naona ndo zinakoelekea.

Kuna vitu pia hazivishiki kabisa. Riveb, dile, tremolo, chochote kinachotokea kwa muda baada ya noti, kizime kwenye ampu kabla ya kuanza, ukikiacha kinamchanganya anayegonga na kusikiliza kwa sababu mlio wa jana bado unalia wakati anagonga wa leo. Fazi za zamani, zile pedali za fuzz za kukwaruza sauti, nazo ni ngumu, fazi inaongea na pikapu ya gitaa kupitia waya, ukishusha volyumu ya gitaa saketi yote inabadilika, wakati profaila imekaa katikati na imevunja hayo mazungumzo. Fazi iache iwe pedali ya kweli mbele ya mashine.

Volyumu nayo inadanganya. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii besi na sauti za juu kwa usawa sauti ikiwa ndogo, kadri sauti inavyopanda ndivyo ncha hizo mbili zinavyojitokeza. Ukiseti toni usiku kwa sauti ya chini utaongeza besi na trebo mpaka ikuridhishe, ukienda nayo jukwaani kwa sauti kubwa besi inatapakaa, juu kunachoma, mido ndo iliyokosekana, na mido ndo makazi ya gitaa ndani ya bendi. Seti kwa volyumu utakayopigia, hata kama ni dakika 10 tu. Hili lilichangia nusu ya msiba wangu wa mazoezini na nililigundua mwishoni.

Kuhusu kuchelewa kwa sauti, naona watu wanaogopa kupita kiasi. Mashine nyingi zinachelewa milisekunde chache. Sauti hewani inakwenda kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo milisekunde 3 ni sawa na kusogea mita moja kutoka kwenye ampu yako, na hakuna aliyewahi kulalamika kwa kusogea mita moja. Kinachokosekana kwenye hedifoni ni kingine. Ukisimama mbele ya spika inayopiga kwa nguvu, mawimbi yake yanarudi kutikisa nyuzi, noti inajishikilia yenyewe, unaisikia kwenye mbao za gitaa dhidi ya tumbo. Wengi wakisema profaila haina uhai, wanakumbuka huo mtikisiko, na ukiipa spika na volyumu unarudi.

Siku ya mwisho kabla ya kuirudisha tulifanya jaribio na rafiki yangu. Mmoja anapiga, mwingine kamgeuzia mgongo anakisia, ampu au mashine, zote kupitia maiki ileile na monita zilezile. Kwenye disto nzito nilikosea karibu nusu, nilikuwa nabahatisha tu. Kwenye chodi kubwa za wazi nilikosea vilevile. Afu akashusha volyumu ya gitaa mpaka kwenye 3, akaweka pleki chini, akagusa uzi wa pili kwa nyama ya kidole, noti moja, taratibu sana. Nikasema hiyo ampu. Akarudia nikasema hiyo mashine. Mara 6 mfululizo nilipatia, kwa noti ileile, kwa kidole kilekile. Kisha akapandisha volyumu akaanza kupiga kwa nguvu na nikapotea tena.